Jibu la Pili la Uzio wa Minyaa

Nilifika Dodoma nikiwa nimekaa juu ya mbao. Lori lilikuwa limezipakia Mafinga kwa ajili ya majengo ya Mtumba, na dereva alinikubalia nipande bure mradi nisaidie kushusha. Kutoka Tunduma hadi Mafinga nilikuwa nimetumia siku tatu, nikibadilisha magari na kulala kwenye mabenchi ya stendi. Tulipita Iringa saa nne asubuhi. Ule ndio mji wangu. Dereva alisimama kutafuta tairi, karibu saa nzima, mahali ambapo nikigeuza shingo naiona njia ya kwenda kwa mama. Sikushuka. Nilijiambia nitarudi nikiwa na kitu mkononi. Nilikuwa nikijiambia hivyo tangu nina miaka ishirini, na wakati huo nilikuwa na thelathini na nane.

Baada ya Mtera springi ilikatika. Tulikaa siku mbili kando ya barabara, tukila maandazi makavu na kutazama mbuzi wakipanda juu ya miiba kutafuta jani. Upepo ulikuwa mkavu, unapasua midomo. Nilizaliwa kwenye milima yenye ukungu, na nchi ile tambarare, nyekundu, isiyo na mahali pa kujificha, ilinitia unyonge ambao haukuniacha muda wote nilioishi huko.

Kwenye begi nilikuwa na nguo, sabuni na kitabu cha hesabu cha kidato cha nne. Hesabu ndiyo iliyonipa alama nzuri shuleni, hiyo na Kiswahili. Mengine yote nilianguka. Kitabu kile nilizunguka nacho nchi nzima, kwenye machimbo, mashamba ya chai na maghala ya mpakani, na sidhani kama nilikuwa na sababu zaidi ya kwamba ndicho kitu pekee kilichowahi kunisifu.

Kikaja kunipatia kazi. Siku ya tatu ya kushusha mbao Mtumba, mpimaji ardhi mmoja alikuwa akitafuta mtu wa kushika fimbo, ile fimbo ndefu yenye kioo juu ambayo mashine ya kupimia huilenga kutoka mbali. Aliniuliza kama najua kusoma namba zenye desimali. Nikamtolea kitabu. Alicheka, akakifungua, akakuta majibu yangu ya penseli pembeni, akasema nije kesho. Nilipanga chumba Ipagala, na kwa mwaka mmoja na nusu nikawa mtu mwenye kazi.

Kampuni ya bosi ilikuwa ndogo, yeye, mimi na dereva. Tulipewa kipande cha barabara mpya ya kuunganisha, kuanzia nyuma ya Ihumwa upande wa reli. Barabara ile ilinyooka vizuri, kisha mahali fulani ikapinda kukwepa korongo. Kwenye kona hiyo, upande wa nje, aliishi bibi mmoja wa Kigogo.

Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa tembe ya zamani, na mbele yake shamba la uwele, na mwisho wa shamba uzio wa minyaa ulionyooka kama umepigwa rula. Mumewe ndiye aliyeipanda minyaa ile kwa kufuata kamba. Ndani ya uzio, karibu katikati, hatua tatu tu kutoka kwenye minyaa, palikuwa na zizi la zamani lisilo na ng'ombe tena, na ndani ya zizi marundo mawili ya mawe. Chini ya moja alilala mumewe, chini ya lingine binti yake wa kwanza.

Siku ya kwanza nilikwenda kuomba maji. Nikamwamkia, akaniuliza kabila langu. Nilipomwambia mimi Mhehe, uso wake wote ulifunguka.

"Mla mbwa," alisema. "Nimefunga mbwa wangu, usijisumbue."

Wahehe na Wagogo ni watani, na mtani hana mipaka. Nilimjibu kwamba sikuja kwa mbwa, nilisikia Wagogo wameacha kuomba barabarani nikaja kuona muujiza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo maji ya kunywa nilichota kwake, na kila siku nililipia kwa tusi. Sikupewa kigoda. Kigoda ni cha wageni, alisema, wanaokula mbwa wanakaa chini. Nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa tembe, na ule ukuta wenye joto la jua ulikuwa mahali pekee katika Dodoma nzima ambapo nilihisi nimefika.

Tulitaniana hata juu ya barabara. Asubuhi nilimwambia leo ndiyo siku, tunaipitisha kitandani kwake. Alisema ipiteni, lakini greda likifika mlangoni lipige hodi. Nilimwambia tutamzika humo humo kwenye lami ili apate kaburi lenye alama nyeupe katikati. Mtani anaruhusiwa kusema hayo. Mtani ndiye anayechimba kaburi la mwenzake na kuruka ndani yake akijidai amekufa yeye, watu wakacheka huku wanalia. Ndivyo tulivyokuta wazazi wetu wakifanya.

Siku moja, mvua zikiwa zimekatika na uwele umeanza kutoa masuke, alinikuta naosha mikono pipani. Alikuwa amebeba kuni. Akazitua, akajifuta jasho, akanitazama.

"Tuweke utani chini," alisema.

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Aliniuliza kama barabara inafika kwa marehemu wake, pale zizini. Alikuwa ameona kwa jirani. Watu wa kuorodhesha mali za kulipiwa fidia walipita, wakaandika makaburi, na wiki chache baadaye vijana wenye glovu walikuja na sururu, wakayahamisha yote kwa asubuhi moja, hata ndugu hawajafika. Yeye hakutaka hivyo. Kama barabara inafika, alitaka ajue mapema, ili mavuno yakiisha apike pombe ya mtama, awaite shemeji zake na watani, wahamishwe na watu wao kwa utaratibu wao. Kama haifiki, watu wa kuorodhesha watakapokuja atawaambia yale ni mawe ya zizi tu, na hakuna atakayewagusa.

Nilipaswa kumwambia amuulize bosi. Lakini bosi alikataza tusiseme neno kwa wenye mashamba mpaka orodha zitoke, na bibi hakuwa amemuuliza bosi. Alimuuliza mtani wake. Zaidi ya hapo, nilijua naweza kupata jibu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu niache shule mtu alikuwa anahitaji kitu ambacho kimo kichwani mwangu.

Nilinakili vipimo kutoka kwenye ramani wakati bosi amekwenda kula. Kona ya barabara ni kipande cha duara. Ukingo wa nje wa hifadhi yake, yaani eneo lote linalosafishwa kwa ajili ya barabara, ulikuwa na nusukipenyo cha mita sitini na tano. Uzio wa minyaa ulikuwa mstari mnyoofu. Swali la bibi, ukilivua nguo, lilikuwa swali la ukurasa wowote wa kitabu changu: mstari na duara vinakutana wapi? Nilikaa chini ya bodi ya gari na karatasi ya mfuko wa saruji, na mgongoni mwake nikafanya kitovu cha duara kuwa sifuri, nikaandika mlinganyo wa duara, nikaandika wa mstari, nikauingiza mmoja ndani ya mwingine. Sehemu zikakatana, zikapungua, mpaka ikabaki hii:

x² − 96x + 2079 = 0

Nikatumia kanuni. Tisini na sita, kujumlisha thelathini, gawanya kwa mbili. Sitini na tatu. Nikatafuta pointi hiyo kwenye ramani, nikaikuta chini kabisa, karibu na mwisho wa uzio, kwenye kona yenye magugu ambako bibi hakulima hata mtama. Makaburi yalikuwa mbali kule juu. Nikakunja karatasi, nikaitia kitabuni.

Mwalimu wangu wa hesabu, Iringa, alikuwa na tabia moja. Ukimaliza mlinganyo wa namna hiyo ubaoni ukageuka kwa majivuno, alikuwa anauliza kwa sauti ya chini, "Na mwenzake?" Darasa zima lilikuwa linacheka, kwa sababu kila mtu aliwahi kusahau. Kanuni ina alama ya kujumlisha na chini yake ya kutoa, na majibu ni mawili. Nilimsikiliza yule mwalimu miaka miwili. Siku ile sikumsikia.

Nilimwambia bibi barabara inagusa uzio kule chini kwenye magugu, kisha inakwenda zake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake nilikuta amewasimulia majirani kwamba mtani wake ni msomi, amepiga hesabu za wazungu kwenye karatasi ya saruji. Na watu wa kuorodhesha walipofika, wiki mbili baadaye, aliwaonyesha mwarobaini, mipapai miwili na shamba. Waliuliza makaburi. Alisema hakuna, yale ni mawe ya zizi. Nilikuwa pale, nimeshika fimbo yangu. Wakaandika hakuna.

Niligundua mwezi wa mavuno. Nilikuwa nimekaa chini mahali pangu, na mbele yangu bibi alikuwa ameweka ungo wenye uwele juani. Mtu alikuwa ametupa kamba ya mbuzi juu yake. Kamba ilikuwa imenyooka, ikiingia kwenye ukingo mmoja wa ungo na kutokea ukingo mwingine. Niliitazama muda mrefu bila kufikiri chochote.

Kamba haiwezi kuingia kwenye ungo isitoke. Nilikwenda nyuma ya choo nikafungua kitabu, nikatoa ile karatasi. Tisini na sita, kutoa thelathini, gawanya kwa mbili. Thelathini na tatu. Kutoka pointi ya kwanza hadi ya pili ni mita hamsini kando ya uzio, na katikati yake duara linatuna kuingia shambani mita tano nzima. Nilipiga hatua hamsini kutoka kwenye magugu. Nilipofika ya ishirini na tano, zizi lilikuwa mkono wangu wa kushoto, na mawe yako hatua tatu.

Nilirudi uani. Bibi alikuwa anapepeta. Nilikuwa nimejipanga kusema, lakini njiani nikaanza kufikiria mambo mengine. Bosi akijua nimetoa siri, kazi imekwisha. Majirani waliosimuliwa juu ya msomi watasema nini? Na nilikuwa nimezoea kuzungumza na bibi kwa namna moja tu, mdomo wangu ukaenda kule kule ulikozoea.

"Bibi," nilisema, "ile barabara imebadili mawazo. Inapita juu ya mzee wako."

Aliutua ungo. Nikaona uso wake unafunguka.

"Mwambieni ainuke awapishe," alisema. "Hata alipokuwa hai alikuwa mzito kuamka."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akawa anapiga goti lake kwa kiganja. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu, tuweke utani chini, naye ndiye aliyenifundisha. Yalikuwa mdomoni. Badala yake nilisikia mwili wangu wote unalegea, kama mtu aliyeahirishiwa kesi, nami nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa. Akaniambia nimezidi kwa ubaya mwaka huu, nichukue kikombe ninywe maji.

Nilijiambia nitarudi Jumapili. Jumapili nilifua nguo. Jumatatu bosi alituhamishia upande wa pili wa korongo, kilomita kadhaa mbele, na kisima cha karibu kikawa kingine. Nilijipa moyo kwamba tulipigilia vigingi vya mstari wa katikati ya barabara, na yeyote akivitazama anaweza kuhesabu mwenyewe ukingo unafika wapi. Bibi ahesabu? Nilijua ninavyojidanganya. Karibu wiki saba nilijidanganya hivyo kila asubuhi, nikiwa naiona tembe kwa mbali kila gari letu lilipopita.

Greda lilikuja siku ambayo bibi alikuwa kwa kaka yake huko Mvumi, matangani. Dereva wa greda alipewa upana wa hifadhi, akavuta utepe kutoka kwenye vigingi, akasafisha. Hakukuwa na makaburi kwenye orodha yake. Aliona mawe ya zizi.

Habari ilitufikia kesho yake kupitia dereva wetu, aliyesema kuna Mgogo mmoja kule nyuma, makaburi yake yamesombwa, na wamesema anatafutwa mtani. Bosi aliniangalia kwa sababu alijua nachota maji pale. Nilishuka kwenye gari nikaenda kwa miguu.

Minyaa ilikuwa imekatwa mahali pawili, na katikati yake yote imelala chini, inatoa ule utomvu mweupe. Zizi halikuwepo. Palikuwa na ardhi nyekundu iliyosawazishwa na, pembeni, tuta la udongo, mawe na mizizi pamoja. Bibi alikuwa amekaa kwenye mlango wa tembe na kanga aliyosafiri nayo. Shemeji yake mkubwa, mzee mwenye fimbo, aliuliza waliokuwepo kama mtani amepatikana, maana ndugu hawaruhusiwi kugusa kabla yake. Nikasema ni mimi.

Nilifanya kazi ile kutoka saa nne hadi jua lilipoinama. Nilichambua udongo kwa mikono. Bibi mwenyewe alileta ungo, ule ule, akauweka karibu nami bila kunitazama, ili nipepete sehemu zenye vipande vidogo. Mzee mwenye fimbo aliniambia, kwa upole, kwamba mtani anatakiwa aseme maneno, awachangamshe watu. Niliinama nikaendelea kuchambua. Mifupa ya mwanamume tuliipata karibu yote. Ya binti tulipata michache sana. Alikuwa ameondoka duniani mdogo, na greda lina uzito.

Nilipomaliza, bibi alinimiminia maji mikononi kutoka kwenye kibuyu. Tulikuwa wawili tu pale pipani.

"Siku ile ulipokuja kuniambia," alisema, "ulikuwa unatania?"

"Hapana, bibi."

Akaendelea kumimina mpaka kibuyu kikaisha.

"Mbona ulicheka?"

Nilijaribu kumweleza juu ya karatasi, juu ya jibu moja na mwenzake. Alinisikiliza hadi mwisho, nami nilipokuwa nasema nilijua kwamba hakuniuliza hesabu. Hakunilaumu. Mbele ya shemeji zake, wakati wanalaani greda, na wapimaji, na watu wa kuorodhesha, hakunitaja hata mara moja. Alisema yeye ndiye aliyewaambia hakuna makaburi, na hilo lilikuwa kweli, wakamgombeza yeye.

Waliwazika upya siku ya Ijumaa, nyuma ya tembe, kaburi moja kwa wote wawili. Nilichimba. Sikuruka ndani.

Jumatatu niliacha kazi. Bosi aliuliza kama nimepata kwingine, nikasema ndiyo. Kulikuwa na lori la vitunguu linalorudi Singida tupu, lingenichukua mchana kwenye barabara kubwa. Nilikuwa na begi langu lile lile na kitabu ndani yake, maana sikujua pa kukiacha. Kabla ya kwenda barabarani nilipita kwa bibi kuaga. Njia nzima nilikuwa naomba kitu kimoja, aniite mla mbwa. Hata kwa hasira. Hata mara moja.

Nilimkuta anafagia ua. Nikatua begi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema. "Karibu, mgeni."

Akaingia ndani, akatoka na kigoda. Akakipangusa kwa upindo wa kanga yake, upande wa juu na pembeni, taratibu, kama anavyowafanyia watu wa heshima, akakiweka chini ya kivuli cha paa. Akasimama kando yake akisubiri. Nilikaa. Aliniletea maji katika kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili, akauliza kama watu wa nyumbani hawajambo. Nilisema hawajambo. Nilikunywa maji yote, nikamrudishia kikombe, na nilipoinama kuchukua begi lori lilikuwa tayari linapiga honi kule barabarani.